UZI: Kutembelea mashamba ya mvinyo ya milimani, Mabonde ya Calchaquí (Salta, Argentina): njia, mwinuko, kuonja na kubeba chupa

Msafiri_Mkavu

Wakuu, heshima kwenu. Mtu akiuliza mvinyo wa Argentina anajibiwa Mendoza, uzi unafungwa. Huu ni wa kaskazini, jimbo la Salta, kwenye Mabonde ya Calchaquí, latitudo ya 25 hadi 26 kusini. Huko mizabibu inaanzia kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na kupanda mpaka juu ya mita 3,000.

Nianze na jambo linaloharibu safari nyingi: watu wanapanga kwa majina ya viwanda vya mvinyo, wakati kinachoamua ni barabara na mwinuko. Shika namba hizi. Mji wa Salta upo kama mita 1,200. Cafayate, ambao ndio mji mkubwa wa mvinyo, upo kama mita 1,700, yaani chini kidogo ya Nairobi. Cachi na shamba la Colomé yapo kama mita 2,300. Ukitoka Cachi kurudi Salta unavuka Piedra del Molino, sehemu ya juu kabisa ya barabara hiyo, mita 3,348.

Kutoka hapo mpangilio unajipanga wenyewe. Salta hadi Cafayate kwa barabara ya taifa namba 68, kama kilomita 190, lami tupu, saa tatu bila kusimama (ila utasimama, maana unapita korongo la Quebrada de las Conchas lenye miamba myekundu, na Garganta del Diablo na Anfiteatro vipo kando kabisa ya barabara). Lala Cafayate usiku mbili. Kisha panda kaskazini kwa Ruta 40, yaani barabara ya taifa namba 40: San Carlos, Angastaco, Molinos, ukate kuelekea Colomé, urudi Molinos, ulale Cachi. Siku ya mwisho vuka Piedra del Molino asubuhi na ushuke mteremko wa Cuesta del Obispo hadi Salta. Mwili unazoea kidogo kidogo, na sehemu ya juu kabisa unaipita ukiwa njiani kushuka, hulali pale.

Mawakala wengi wanauza mzunguko kinyume: siku ya kwanza Salta, kilele, Cachi. Mtu aliyeshuka ndegeni jana kutoka Dar au Mombasa anapandishwa juu ya mita 3,300 kabla ya chakula cha mchana. Kisa kikubwa ni picha.

Siku nne zinatosha. Tatu ni mbio. Mbili, baki Cafayate tu na usijisumbue na Ruta 40.

Dereva wa Changarawe

Mkuu umeanza vizuri, niongezee upande wa gari.

Kati ya San Carlos na Cachi sehemu kubwa ni changarawe, wenyewe wanaita *ripio*. Cafayate hadi Cachi ni kama kilomita 160 na ramani ya simu itakudanganya. Weka saa tano za kuendesha peke yake, bila Colomé. Ukiongeza Colomé, kutoka Molinos ni kama kilomita 20 kwenda na 20 kurudi, na mwendo wake ni wa pole. Hapo natofautiana na mpangilio wa Mkuu: usijaribu Cafayate, Colomé na Cachi kwa siku moja kisha utegemee pia kuonja mvinyo.

Gari dogo la kawaida linapita wakati wa ukavu. Huhitaji gari la magurudumu manne yanayovuta, unahitaji tumbo la gari lililo juu kidogo na tairi nzima. Changarawe ile ina mawimbi madogo madogo yanayotikisa kila bolti. Kilomita 40 kwa saa ndiyo salama. Ukifika 70 gari linatulia, ndiyo, lakini linatulia kwa sababu tairi zinagusa vichwa vya mawimbi tu. Kwenye kona hazina mshiko, na hapo ndipo magari ya kukodi yanapinduka. Punguza upepo wa tairi: kama kibandiko cha mlangoni kinasema psi 32, shuka hadi 27 au 28 ukiingia changarawe, ujaze tena ukifika lami. Usishuke chini ya hapo kwa tairi za kawaida, maana jiwe litakata ubavu.

Kabla ya kusaini mkataba wa gari, fanya haya papo hapo uwanjani: toa spea tairi uione kwa macho, jaribu jeki na spana ya nati za gurudumu, piga picha kioo cha mbele na rimu zote. Kisha uliza kiasi utakacholipa mwenyewe gari likipinduka. Argentina kiasi hicho huandikwa peke yake na huwa kikubwa kuliko cha ajali ya kawaida. Tairi na vioo mara nyingi havimo kwenye bima kabisa.

Mafuta: jaza Salta, jaza tena Cafayate, jaza Cachi. Katikati usitegemee kitu. Injini isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000, kwa hiyo kale kagari ka lita moja kenye watu wanne na chupa kumi na mbili katapanda Cuesta kwa gia ya pili. Halijaharibika, hewa ni nyepesi.

Wao wanaendesha kulia. Kwa sisi wa kushoto kosa huja kwenye kona kali isiyo na gari lingine mbele: mkono unarudi kwenye mazoea. Abiria wa mbele apewe kazi moja tu, kusema "kulia" kila kona. Leseni ya kimataifa uwe nayo pamoja na ya kwenu.

Nuru_wa_Tanga

Asanteni. Na asiyeendesha je?

Msafiri_Mkavu

Dada Nuru, inawezekana nusu. Mabasi Salta hadi Cafayate yapo kila siku, na Salta hadi Cachi pia yapo. Tatizo ni katikati: kati ya Angastaco na Molinos hakuna basi la kawaida, kwa hiyo mzunguko haukamiliki kwa basi. Chagua upande mmoja.

Kwa ajili ya mvinyo chagua Cafayate. Viwanda kadhaa vipo ndani ya mji, unatembea kwa miguu kutoka uwanja wa kati: Nanni, El Porvenir, Domingo Hermanos. El Esteco upo pembeni ya mji na baiskeli inatosha. San Pedro de Yacochuya upo kama kilomita 8 na ni mlima mwanzo hadi mwisho, hadi kama mita 2,000. Kwenda panda teksi, kurudi ni mteremko. Kuna pia Museo de la Vid y el Vino, jumba la makumbusho ya mzabibu na mvinyo, pale mjini. Pitia hapo kwanza, saa moja tu, kisha maelezo ya viwandani yatakuingia.

Kitu kingine: mchana mji unalala. Kuanzia saa saba hadi saa kumi na moja hivi milango imefungwa, na chakula cha jioni kabla ya saa tatu usiku ni shida kukipata. Panga kuonja saa nne hadi saa sita asubuhi, ule mchana kwenye kiwanda chenye mgahawa, kisha nawe ulale kama wenyeji.

Mpogoaji wa Hombolo

Wakuu, niingie kwenye mizabibu yenyewe, maana mtu akienda bila kujua anachotazama ataona majani tu.

Sisi Dodoma tupo mita 1,100 hivi, karibu na ikweta, hatuna baridi ya kuulaza mzabibu. Ndiyo maana tunapogoa mara mbili na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Kule Calchaquí mzabibu unalala Juni hadi Agosti, unachipua kuanzia Septemba na Oktoba, wanavuna mara moja: Cafayate kuanzia Februari, mashamba ya juu yanaburuza hadi Aprili. Mvua ya Cafayate ni kama milimita 200 kwa mwaka. Dodoma tunayoiita kame hupata kama 570. Bila maji yanayoshuka kutoka milimani hakuna shamba hata moja. Maji hupita kwenye mifereji ya udongo, *acequia*, na kila shamba lina zamu yake, utaratibu ambao mtu wa Marangu anayejua mfongo ataufahamu bila kuelezwa. Mashamba mapya yametandika mipira ya matone.

Faida ya mwinuko ni nini? Mchana jua kali, usiku baridi, tofauti ya nyuzi 20 za Selsiasi ni kawaida. Sukari inapanda mchana, na usiku wa baridi unazuia asidi isiungue. Miale ya juani inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000. Zabibu inajikinga kwa kuongeza rangi na kunenepesha ganda, ndiyo maana Malbec ya kule, ile zabibu nyekundu maarufu ya Argentina, ni nyeusi na inakaza ulimi, halafu bado ina ukali wa asidi. Usitegemee iwe nyepesi kwa sababu inatoka baridini: asilimia 14 hadi 15 ya kileo ni ya kawaida.

Ukifika shambani tazama vitu vitatu. Kwanza *parral*, dari ya matawi juu ya nguzo, kama mita mbili kwenda juu. Torrontés ya zamani, zabibu nyeupe, imepandwa hivyo ili majani yafunike vichala visiungue. Pili nyavu za kukinga mvua ya mawe. Tatu, angalia shamba lipo wapi kwenye mteremko. Hewa baridi hutiririka chini kama maji na kutuama bondeni, kwa hiyo baridi kali ya Oktoba huua machipukizi ya chini kabla ya yale ya juu. Mtu anayepanda bondeni kwa sababu maji yapo karibu analipa gharama hiyo.

Zabibu nyeupe ya kuulizia ni Torrontés Riojano, mtoto wa Muscat ya Alexandria na Criolla Chica. Pua itakuambia sukari, maua na ganda la chungwa, ulimi utakuta ni kavu. Anayetafuta utamu kama wa mvinyo wetu wa madukani atashtuka. Inywewe nyuzi 8 hadi 10. Ikiwa ya moto inakuwa chungu mwishoni, na wengi wanailaumu zabibu wakati kosa ni la aliyeiacha mezani.

Nyekundu, usiishie Malbec. Omba Tannat, zabibu nyingine nyekundu. Udongo wa mchanga na mwinuko vinaitendea haki kuliko sehemu nyingi nilizosoma habari zake.

Kipimo_Sahihi

Nipitishe sahihisho kabla halijaulizwa. Utaambiwa Colomé ina shamba la juu kuliko yote duniani. Shamba lao la Altura Máxima, karibu na Payogasta, lipo mita 3,111, na ni kweli lilikuwa likitajwa hivyo. Lakini jirani tu, jimbo la Jujuy kwenye Quebrada de Humahuaca, kuna mizabibu juu ya mita 3,300, na Tibet karibu na Lhasa kuna shamba juu ya mita 3,500. Sema "miongoni mwa ya juu kabisa" na hutabishana na mtu.

Pia shamba unalotembelea Colomé ni la mita 2,300. Altura Máxima ni mahali pengine kabisa, kaskazini ya Cachi. Usiende Colomé ukitegemea kusimama kwenye mita 3,111.

Kitu cha kweli cha kujivunia pale ni umri: kiwanda kilianza 1831, na kuna mizabibu ambayo wenyewe wanaihesabu tangu 1854. Mwaka 2009 mwenye shamba wa wakati huo, Donald Hess, alifungua jumba la makumbusho la msanii James Turrell palepale katikati ya jangwa. Kazi zote ni mwanga na vyumba. Bila kuweka nafasi mapema huingii, na kutoka kule hadi mlo mwingine ni safari ndefu. Andika barua pepe kabla ya kuondoka nyumbani, uthibitishe tena siku mbili kabla, kwa sababu Ruta 40 ikikatika wanabadilisha ratiba.

Sista Rehema

Kuhusu afya, niseme kifupi ila msikie.

Mita 2,300 hewa ina msukumo wa takriban asilimia 77 ya ule wa pwani. Piedra del Molino ni kama 67. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro alinganishe: Horombo ni mita 3,720, na kule mtu analala. Hapa anapita kwa gari dakika ishirini. Wengi watapata kichwa kuuma kidogo na usingizi wa kukatika usiku wa kwanza Cachi. Dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida haihitajiki kwa mzunguko alioueleza Mkuu. Mwenye ugonjwa wa moyo, mapafu, selimundu au mjamzito aongee na daktari wake kwanza, na kwa selimundu nasisitiza.

Kinachowaangusha watu huku ni ukavu ukichanganyika na kileo. Hewa haina unyevu, jasho linakauka kabla hujaliona, na mvinyo unakojolesha. Glasi moja ya maji kwa kila glasi ya mvinyo, na lita tatu kwa siku jumla. Jioni ya kwanza Cachi usinywe. Mdomo na pua vitapasuka, beba mafuta mazito. Krimu ya jua ipakwe hata na sisi weusi, hasa masikio na nyuma ya shingo.

Sasa majani ya koka. Utayaona yanauzwa wazi, kuyatafuna na chai yake ni halali kwa wenyeji na wageni Argentina. Lakini ukiyatumia, kipimo cha mkojo kinaweza kuonyesha kokeini. Mwenye kipimo cha kazi mbele yake, hasa nyie mnaoingia mikataba ya Ghuba, msiguse, hata chai. Na msipakie hata jani moja wala pakiti ya chai kwenye begi. Ukishavuka mpaka hayo ni dawa za kulevya, hakuna maelezo yatakayosikilizwa.

Dereva wa Changarawe

Sista umenikumbusha kileo na usukani. Salta ni sifuri, na tangu 2023 sheria ya taifa, namba 27.714, ni sifuri pia. Hakuna "glasi moja tu".

Piga hesabu. Kuonja aina tano, mililita 40 kila moja, ni mililita 200. Kwa mvinyo wa asilimia 15 hizo ni gramu 24 hivi za kileo halisi. Mwili unaondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwa hiyo ukimeza zote, saa tatu au zaidi hugusi gari. Tema. Kila meza ya kuonja ina chombo cha kutemea, na hakuna anayekushangaa. Anayeshangaza ni yule anayemaliza zote tano kisha anaomba funguo. Au dereva asionje kabisa, aanze jioni mkiwa mmefika.

Mzee wa Ramani

Mimi natofautiana kidogo na Mkuu kuhusu wakati, kwa sababu hakusema mwezi na mwezi ndio unaamua kila kitu.

Masika yao ni Desemba hadi Machi. Maji yanashuka kwa kishindo alasiri kutoka milimani na kukata barabara kwenye drifti, wanaziita *badén*. Drifti kavu saa nne asubuhi inaweza kuwa mto saa kumi. Usivuke maji ambayo huoni chini yake. Subiri, mara nyingi saa mbili tatu yanapungua. Cuesta del Obispo nayo huporomokewa na udongo na kufungwa. Kwa bahati mbaya ndiyo miezi ya mavuno. Februari pia kuna tamasha la Serenata a Cafayate, vyumba vinajaa mji mzima.

Chaguo langu ni kuanzia katikati ya Aprili hadi Mei. Mvua imekwisha, mashamba ya juu yanamalizia kuvuna, majani yanageuka manjano, na maji ya zabibu bado yanachacha kwenye mapipa ukitaka kuyaona. Epuka Pasaka. Juni na Julai anga ni safi kabisa lakini usiku unashuka chini ya sifuri na mizabibu ni vijiti. Agosti na Septemba upepo na vumbi.

Na Cuesta: kweli kushuka asubuhi ni sawa, ila uondoke Cachi saa mbili, si saa tano. Wingu hupanda kutoka upande wa Salta na kuziba kona zote. Ukipita mapema unapata pia Recta Tin Tin, barabara iliyonyooka kama kilomita 18 ndani ya hifadhi ya Los Cardones, jua likiwa pembeni ya yale makakati marefu (mimea ya miiba ya jangwani). Mbao za makakati hayo ndizo zilizoezekea dari za makanisa ya Cachi na Molinos, ingia uangalie juu. Zina matundu tele.

Nuru_wa_Tanga

Chupa za kurudi nazo? Na chakula cha asiyekula nguruwe?

Kipimo_Sahihi

Chakula hakina shida, nyama kuu ni ng'ombe, mbuzi na llama. Uliza *grasa*, mafuta ya kukandia unga wa empanada, maana yanaweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe. Humita, mahindi mabichi yaliyosagwa na jibini ndani ya maganda, ni salama mara nyingi na inakwenda vizuri na Torrontés. Cafayate kuna aiskrimu ya mvinyo pia, asiyekunywa ajue kabla ya kulamba.

Chupa: mvinyo chini ya asilimia 24 hauna kikomo cha usalama kwenye begi kubwa linaloingia tumboni mwa ndege, kikomo ni uzito. Chupa moja iliyojaa ni kilo 1.2 hadi 1.5, na viwanda vya kule wanapenda chupa nzito. Funga kila moja kwenye soksi, kisha mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha nguo, katikati ya begi, zisigusane. Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lita 2 za mvinyo kwa msafiri mtu mzima bila ushuru, kwa hiyo chupa mbili za mililita 750. Ya tatu itangaze na ulipie. Kwa chupa mbili tu, usibebe ile ya Malbec inayouzwa hadi Ulaya. Beba Tannat ya Cafayate na Torrontés ya mwaka huo huo.

Ukiuziwa *patero* majumbani, ule mvinyo mtamu wa kukanyagwa kwa miguu, unywe hukohuko. Wengi wanaujaza chupa kienyeji, unaweza kuendelea kuchacha na kifuniko kikaruka ndani ya begi.

Msafiri_Mkavu

Nimalizie ya uwanjani. Watanzania na Wakenya tunahitaji viza, na ubalozi wa Argentina wa ukanda wetu upo Nairobi. Anzeni mapema. Ethiopian inaruka Addis hadi Buenos Aires kupitia São Paulo na kutua Ezeiza. Ndege nyingi za kwenda Salta zinaondokea Aeroparque, uwanja mwingine ndani ya jiji, saa mbili hivi angani. Acha saa tano kati ya kutua na kuruka, kwa sababu kuna uhamiaji, mizigo na foleni ya jiji zima.

Plagi zao ni za pini bapa zilizoinama, au za pini mbili za mviringo. Za pini tatu za mraba kama zetu hazishiki. Umeme ni volti 220. Mashine za fedha Cachi na Cafayate hukauka wikendi, hivyo toa peso Salta mjini. Pakua ramani ya nje ya mtandao, kwa kuwa Angastaco hadi Molinos simu inakufa.

Nuru_wa_Tanga

Swali la mwisho wakuu: Angastaco kuna pa kulala, nikitaka kugawa ile njia?

Mzee wa Ramani

Pako, pachache na pa kawaida. Molinos ni bora, utaamka ukiwa kilomita 20 tu kutoka Colomé. Ukitoka Cafayate saa mbili asubuhi, Quebrada de las Flechas unaipita kabla ya mchana, majabali yale ya mishale yakiwa na kivuli bado, na Molinos unafika saa nane.